Muulize Somo: Asiyekula mbuzi na akalie mbuzi

Somo, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni, hapa Lamu. Nashona mabuibui na mapazia nyumbani. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya kuvulia. Nakuandikia juu ya binti yangu mkubwa, ana miaka 24, alirudi mwaka jana kutoka Nairobi alikokuwa akisoma chuo kikuu. Sina la kumlaumu katika tabia. Alfajiri huamka mwenyewe bila kugongewa mlango, na watoto wa jirani huwafunza hesabu bila kudai senti. Lakini ameacha nyama.

Mwanzo nilidhani ni tumbo. Nikamchemshia tangawizi. Akacheka, akaniambia si ugonjwa, ni msimamo. Ati amesoma kwamba mwanamke anayetetea haki za wanawake hawezi kula nyama, kwa sababu vile wanaume wanavyomtenda mwanamke ndivyo wanavyomtenda mnyama: wanamfuga, wanamtumia, wakishamaliza wanamgawa. Alinieleza jioni nzima huku mimi nakuna nazi, na sitakuficha, mengine yaliniingia. Halafu akasema na samaki pia ameacha. Hapo niliinuka kwenye mbuzi. Somo, baba yake ni mvuvi! Karo yake yote tangu darasa la kwanza ilitoka kwenye nyavu. Siku alipousukuma mchuzi wa changu mbele ya baba yake, mzee hakusema neno. Alinawa mikono, akatoka, akaenda kukaa gatini mpaka isha.

Tangu siku hiyo napika sufuria mbili, ya watu na yake. Asubuhi hakuna taabu, mahamri na mbaazi twala sote. Mchana ndiyo kazi: hawa wali na samaki, yeye kunde. Usiku hawa mkate wa mofa na supu, yeye maharagwe. Na mwiko uliogusa nyama kwake ni mwiko. Kaka zake, mmoja 21 na mwengine 18, wamepata mchezo. Wakinunua mishkaki humwita aje amsomee ng'ombe talakini.

Mambo yaliharibika wakati wa Maulidi. Tulikuwa na wageni kutoka Faza na Siyu, nyumba imejaa, sufuria ya pilau ya watu arubaini. Nikamwambia ashike mwiko ageuze nyama nikaswali. Akakataa. Ami yake akasikia, akamtania, "Huko Nairobi ulikwenda kusomea kula majani?" Naye akamjibu mbele ya watu, "Nyama ni chakula cha mfumo dume, Ami." Watu kimya. Hakukomea hapo. Akauliza mbona akika yake alichinjiwa mbuzi mmoja na kaka zake kila mmoja wawili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Marehemu mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilipoolewa alikuwa akinisomea beti za Mwana Kupona, na akiniona napakua husema, "Nyama ni ya waume, siye mtuzi watutosha." Miaka 26 nala mchuzi, vipande nawaachia wao, wala sikuwahi kuona ni kitu. Sasa binti yangu aniambia nimedhulumiwa, na dawa ya dhuluma yenyewe ni niendelee kutokula nyama! Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka.

Naomba unijibu. Haya mambo ni ya vitabuni kweli, au ni maneno ya marafiki? Ni lazima mtetezi wa wanawake aache nyama? Na nikikataa kumpikia mbali, nitakuwa namdhulumu mwanangu? Tena mwezi uliopita imekuja posa, na upande wa mume wana bucha. Sijawajibu.

Mama wa Langoni

* * *

Wa alaykumu salaam, mama yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale pa bucha. Ya pili nilimkasirikia binti. Ya tatu nikakwama kwenye sentensi moja, na nadhani wewe uliipita tu ulipokuwa unaiandika. Nitaifikia.

Swali lako la kwanza nalijibu: ndiyo, ni ya vitabuni. Binti yako hakuyaokota barazani. Mwaka 1990 Mmarekani aitwaye Carol J. Adams alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili. Anasema nyama katika jamii nyingi imefanywa chakula cha uanaume, na kwamba anayezoea kumtazama mnyama kama vipande vya kukatwa hachelewi kumtazama mwanamke vivyo hivyo. Anasema pia lugha husaidia kuficha. Kwa Kiingereza ng'ombe na nguruwe wakiwa hai wana majina yao, wakifika sahanini hupewa majina mengine, kwa hiyo mlaji hamkumbuki mnyama, anakumbuka chakula.

Hoja hiyo ya majina, ikivuka bahari kuja kwetu, inalowa kidogo. Sisi nyama na mnyama ni neno moja, tofauti ni herufi. Twasema nyama ya mbuzi, nyama ya ng'ombe, hatumfichi mtu. Na mtoto wa Lamu, Idi Kubwa ikikaribia, anamjua mbuzi kwa rangi na kwa sauti siku tatu nzima kabla hajamwona kwenye wali.

Lakini ile nyingine haikulowa hata tone. Pita forodhani jioni, vijana wamekaa ukutani, msichana anakatiza. Sikiliza anavyoitwa. Kitoweo. Mnofu. Kuku. Na kitenzi wanachokitumia wakijisifu walivyomfanya ni kile kile cha kwenye sinia. Sikiandiki, unakijua, na wanao wa kiume pia wanakijua. Kwa hivyo binti akikwambia kuna uhusiano, usimwambie ameota. Amesikia, na amesikia hapo hapo mtaani kwenu kabla hajafika Nairobi.

Tena jambo lenyewe ni la zamani kuliko huyo Adams. Anna Kingsford, mwanamke wa Kiingereza, alikwenda kusomea udaktari Paris, akahitimu mwaka 1880, na tasnifu yake ilikuwa ni juu ya kula vyakula vya mimea. Charlotte Despard, mmoja wa viongozi wa wanawake waliodai kura Uingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, hakuwa akila nyama. Margaret Cousins wa Ireland naye hivyo hivyo. Alihamia India mwaka 1915, na 1917 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanawake huko. Hawa kwao kura, mnyama na sahani vilikuwa kapu moja.

Ni lazima? Si lazima. Mwambie amsome na Frances Power Cobbe. Huyo alipigania haki za wanawake, na mwaka 1875 akaanzisha jumuiya ya kupinga wanyama kupasuliwa wakiwa hai kwa ajili ya majaribio, na nyama akala. Na mwaka 1994 mwanafalsafa mmoja, mwanamke na Mmarekani pia, Kathryn Paxton George, aliwapinga wenzake waziwazi. Alisema kumtaka kila mtu aache nyama ni kuuchukua mwili wa mwanamume mzima wa nchi tajiri kuwa ndio kipimo, na kumsahau mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto na mzee. Watetezi wa wanawake hawajakubaliana juu ya sahani, na binti yako asimwambie mtu kwamba wamekubaliana.

Nami niongeze la kwangu. Nimekaa Mombasa miaka mingi, jirani na nyumba za Kihindi ambazo nyama haijavuka kizingiti tangu babu wa babu. Kwenye nyumba nilizoingia mimi, aliyesimama mbele ya jiko toka alfajiri, jasho likimtiririka akisukuma chapati za watu tisa, hakuwa mwanamume hata siku moja. Kwa hiyo kuondoa nyama jikoni na kumwondoa mwanamke jikoni ni kazi mbili.

Sasa ile sentensi. "Miaka 26 nala mchuzi, vipande nawaachia wao, wala sikuwahi kuona ni kitu."

Mama, nimezaliwa Mkomani. Najua paja la kuku lilikuwa la nani, na najua nani alibaki na shingo akasema ndiyo aipendayo. Mama yangu aliipenda shingo miaka arubaini. Baba alipofariki, kuku wa kwanza tuliyempika baada ya eda, nilimwekea shingo kama kawaida. Akaitazama, akaniuliza, "Paja liko wapi?" Na huku si kwetu peke yetu. Bara, kwa Waluhya, firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba, na zamani mwanamke hakula kuku kabisa, ndiye aliyemfuga na ndiye aliyempika. Wanawake wasiokula nyama kwa sababu ya kuwa wanawake, nchi hii imejaa, na hawakusoma kitabu.

Ndiyo maana kichwa kinakuzunguka, na kina haki. Yeye ameacha kitu alichokuwa akipewa. Wewe uliacha kitu ulichofunzwa usikitake. Kwa nje sahani zenu mbili zinafanana, wali na kitu cha nazi juu yake. Huyo mwanao, kwa usomi wake wote, alipaswa kuiona tofauti hii kabla ya kukuhubiria, kwa sababu kusoma kwake kote kulikuwa ni juu ya haya haya.

Halafu kuna sufuria ya pili. Hapa ndipo nilipomkasirikia. Amemfungua mbuzi kamba, kamba akakuvisha wewe. Mwanamke wa miaka 24, mwenye mikono miwili, anayejua mfumo dume ni nini, anapikiwa mbali na mama yake mara mbili kwa siku, na mama anashona mpaka usiku! Basi dawa yake ni moja: asiyekula mbuzi na akalie mbuzi. Ndiyo, hiyo hiyo ya kukunia nazi. Chakula chake kinataka nazi kuliko chenu. Kunde nazi, mbaazi nazi, mchicha nazi, muhogo nazi. Aikalie, akune, akamue kwenye kifumbu, tui la kwanza na la pili, akishamaliza ndipo atajua siasa ya chakula iko kwenye kiungo gani cha mgongo. Kukataa kumpikia mbali si dhuluma. Mwambie leo leo, kwa upole.

Wala usimwambie peke yake. Wana wako wa 21 na 18 nao wana mikono ya kushikia mishkaki, itashika na mwiko. Anayetaka nyama siku fulani aende bucha, aioshe, aipike. Mkishagawana hivyo mtaona wenyewe nyama inapungua, na hakuna aliyeandika kitabu. Binti akitaka asiiguse, asiiguse, lakini achukue kazi nyengine ya uzito ule ule: kuchambua mchele, kukanda unga wa mahamri usiku, kusugua masufuria, yakiwemo ya nyama. Mwiko wake anunue mwenyewe autie alama.

Ile siku ya Maulidi alikosa. Hukumwambia ale. Ulimwambia ageuze sufuria ukaswali, dakika tano. Aliyeomba msaada ni mwanamke mwenziwe aliyekuwa na watu arubaini shingoni. Na Ami, alivyotania vile mbele za wageni, alijitafutia. Amwombe radhi Ami kwa mahali aliposemea, fikra yake asiiombee radhi. Hili la akika mimi si shehe, apeleke kwa mwenye elimu, aulize kwa adabu, atajibiwa kwa adabu. Pilau ya wageni si darsa.

Ila wale watakaosema ameharimisha halali, unayo hadithi, imo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya mjusi mkubwa wa jangwani, akarudisha mkono. Khalid bin Walid akamuuliza, je, ni haramu? Akamjibu la, ila hayuko katika nchi ya watu wangu, na nafsi yangu haimpendi. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anamtazama. Mmoja hakula, mwengine akala, na sinia ni moja. Binti yako ana ruhusa ya kurudisha mkono. Kumwambia Khalid kuwa yeye ni mfumo dume hana.

Baba yake ndiye aliyeniuma. Nyama angeiacha hata mwaka, hapa Lamu nani angejua? Samaki ni jambo jengine. Kumsukumia nahodha mchuzi wa changu ni kumrudishia usiku aliokesha baharini. Aende kwake mwenyewe, si wakati wa kula, amfuate gatini mashua inapofika, amweleze kwa mdomo wake na aanze kwa karo. Tena baba huyo si adui wa bahari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa yaliyowapata kwa ajili ya bandari mpya. Binti anayejua hesabu na kuandika angekuwa na kazi kubwa ya kufanya upande wa baba yake, na asile hata dagaa mmoja.

Jambo la mwili, msilipuuze. Mwanamke wa umri wake, kwa kipimo wanachokitumia Wamarekani, anahitaji madini ya chuma miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8 tu, na chuma cha kwenye mimea mwili hukipokea kwa shida kuliko cha nyama. Kwa hiyo kunde, mbaazi, pojo na mchicha vikamuliwe ndimu, au embe bichi liwe kando. Chai isiwe ya kushushia chakula, ingoje saa moja, maana hukizuia hicho chuma. Najua kumwambia Mlamu asinywe chai baada ya kula ni kumwambia asipumue. Mayai na maziwa hukuniambia kama anakula. Kama ameviacha navyo, vitamini B12 hataipata kwenye mboga, atafute vidonge vyake kwa mfamasia, wala asingoje mpaka aanze kuona kizunguzungu.

Mkwe wako alikusomea Mwana Kupona, na vizuri. Mwanamke yule wa Pate, mwaka 1858, mgonjwa kitandani, alimwandikia binti yake namna ya kuishi na mume. Watu hushika yale ya kumtunza mume, wakasahau nani aliyeshika kalamu. Mwandikie na wewe wako, au mwambie. Mweleze ile miaka 26 kipande kwa kipande, kwa sababu sidhani kama amewahi kukuuliza.

Posa ya watu wa bucha muulize yeye mwenyewe. Huenda akakataa kwa sababu ya nyama, huenda akakataa kwa sababu ya kijana, huenda akakubali akawafunza kuuza mbaazi.

Na wewe, Ijumaa hii, kabla hujapakua sinia ya wanaume, chukua sahani yako kwanza. Ifunue sufuria, tazama ndani kama mwenye nyumba, chagua finyango ulitakalo. Lisilo na mfupa. Liweke kwako. Ukilila, ukimpa binti alirudishe, ukimtupia paka wa kibarazani, hapo ni wewe. Kisha niandikie.

Somo